Noti haitaki "kwa saa"

Nimeisoma tena: "meli ilikuwa ikienda noti 20 kwa saa." Safari hii imeandikwa na mtu wa fani, na uvumilivu umeniishia.

Noti ni kipimo cha mwendo. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa. Saa imo humo tayari. Ukisema "noti 20 kwa saa" unasema meli inaongeza mwendo kwa noti 20 kila saa inayopita, hivyo saa ya tatu iko kwenye noti 60. Meli ya mizigo? Maili yenyewe ni mita 1852, kama ilivyokubaliwa Monaco mwaka 1929. Hilo halina ubishi.

Neno lenyewe, noti, maana yake ni fundo, fundo hasa la kamba. Mabaharia wa Ulaya walikuwa na kibao kilichotiwa madini ya risasi upande mmoja ili kisimame wima majini, kikafungwa kwenye kamba yenye mafundo. Kibao kikitupwa nyuma ya shetri, yaani tako la meli, kinabaki pale kilipoangukia. Meli inakwenda zake na kamba inafunguka. Mmoja anaangalia saa ya mchanga, mwingine anahesabu mafundo yanayompita mkononi. Mchanga ukiisha, kamba inakamatwa: mafundo sita, noti sita. Mchanga ulichukua sekunde 28, na kutoka fundo hadi fundo ni kama mita 14.4. Piga hesabu uone. Anayetaja mafundo amekwisha kutaja muda, sasa "kwa saa" ya nini?

Vitabu huishia hapo, kana kwamba kipimo kilikuwa safi. Hakikuwa. Kamba ikilowa hubadilika urefu, mchanga ukipata unyevu huchelewa, na kibao nacho huburutwa kidogo. Tena kwa muda mrefu wengi walitumia nafasi ya karibu mita 12.8 na mchanga wa nusu dakika, kwa hiyo walihesabu mafundo mengi kuliko mwendo wa kweli. Kuna manahodha waliojua hivyo wakaacha makusudi: afadhali kutazamia nchi kavu mapema kuliko kuipanda usiku. Ndiyo maana nikikuta "noti 8" katika kumbukumbu za safari za zamani, mimi siapi kwamba zilikuwa nane.

Na hili ndilo watu hawalisikii kabisa: kibao kilipima mwendo wa meli ndani ya maji, wala hakikujua kwamba maji yenyewe yanatembea. Meli inayokata maji kwa noti 10 dhidi ya mkondo wa noti 3 inasogea noti 7 juu ya ardhi. Chombo cha kupimia majini kitakuonyesha 10, setilaiti itakuonyesha 7, na hakuna kilichoharibika. Rubani anayekabiliana na upepo wa mbele anaijua hesabu hiyo hiyo. Ukinitajia noti, niambie kwanza umepima dhidi ya maji au dhidi ya ardhi, ndipo tuzungumzie muda wa kufika.