Je, wajua kwa nini MRI ya matiti hupigwa ukiwa umelala kifudifudi?

Picha nyingi za hospitali hupigwa mtu akiwa amelala chali. Kwenye MRI ya matiti unalala kifudifudi, juu ya kitanda chenye matundu mawili ambamo matiti yananing'inia. Ukilala chali, titi hutandazika kifuani na kucheza kwa kila pumzi. Likining'inia hunyooka na kujitenga na ukuta wa kifua, na picha ikatoka safi. Habanwi mtu kama kwenye mamogramu, yaani picha ya eksirei ya matiti, wala hakuna mionzi ya eksirei. Kinachofanya kazi ni sumaku na mawimbi ya redio.

Kabla ya kuingia utawekewa kanula, kijibomba chembamba cha kupitishia dawa kwenye mshipa, mkononi, na wengi huanzia kuogopa hapo. Picha za kwanza hupigwa bila dawa. Kisha hupitishwa dawa yenye gadolini, madini yanayong'arisha picha, pengine ukahisi ubaridi ukipanda mkononi, na picha hurudiwa mara kadhaa ndani ya dakika chache. Huu ndio moyo wa kipimo chenyewe. Saratani inapokua hujiotesha mishipa mipya ya damu, tena mishipa dhaifu inayovuja. Kwa hiyo uvimbe huinywa dawa upesi, ukang'aa, na mara nyingi huiachia upesi vilevile. Daktari anasoma kasi hiyo pamoja na umbo la uvimbe. Bila dawa, MRI ya matiti hutumika zaidi kukagua kama titi la bandia la silikoni limepasuka.

Ndiyo maana pia utaulizwa tarehe ya hedhi, na usione haya kuitaja. Homoni zikipanda, tishu nzima nayo huinywa dawa na kung'aa, ikaweza kuficha ugonjwa. Kama hakuna haraka, hupendelewa siku ya 7 hadi ya 14 tangu hedhi ilipoanza.

Sumaku inayotumika sana ni ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), zaidi ya mara 20,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia. Vua kila chuma: hereni, sidiria, pini za mtandio, klipu za wigi. Kama una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, klipu ya upasuaji kichwani, ugonjwa wa figo au ujauzito, sema siku ya kupanga miadi, usingoje hadi mlangoni.

Ndani mashine hugonga kama fundi bati akiwa kazini. Ni koili, yaani nyaya zilizozungushwa, zinazotikisika umeme unapobadilishwa haraka ndani ya sumaku, si hitilafu. Utapewa vizibo vya masikio na mpira wa kuminya ukitaka msaada. Kazi yako ni kutulia tuli, kwa kawaida dakika 20 hadi 45. Mwambie mtaalamu akuwekee mto vizuri kabla hajaanza, maana shingo na mbavu ndizo huchoka kwanza.

Kipimo hiki huwafaa hasa wenye hatari kubwa ya saratani ya matiti, kama waliorithi hitilafu ya jeni ya BRCA1 au BRCA2, lakini hakichukui nafasi ya mamogramu, ambayo huona vizuri zaidi chembe ndogo za kalsiamu. Halafu MRI ni kali mno: huonyesha hata vivimbe visivyo na madhara. Ukiitwa tena kwa altrasaundi au kutolewa kipande kidogo cha nyama ya titi kikapimwe, bado hujaambiwa una saratani. Nenda, na uende mapema.