Sio kila chuma kinachochimbuliwa huku Lindi ni cha Mjerumani

Juzi kijana kaja na bodaboda kutoka Nyangao, kabeba mfuko wa korosho, ndani kuna komeo la bunduki, kile chuma kinachovutwa kupakia risasi, alilolikuta anachimba shimo la choo. Hata hajakaa kashasema, mzee hii ya Mjerumani, nambie bei. Jamani! Wa nne huyo tangu mvua zianze na wimbo ni huohuo.

Mahiwa na Nyangao Oktoba 1917, Vita vya Kwanza vya Dunia, walipigana siku nne, tarehe 15 mpaka 18, Mjerumani na maaskari wake huku, Mwingereza na vijana wa Nigeria na KAR, yaani King's African Rifles, askari wake Waafrika, kule, sasa Mwingereza unadhani alikuja na mapanga? Alikuja na Lee-Enfield. Nikamwambia kijana angalia hili komeo lako, meno ya kufungia yako nyuma, Mauser, bunduki ya Mjerumani, yanakuwa mbele kabisa, mdomoni kwenye mtutu. Lee-Enfield ndo hiyo. Kiwanda gani sasa? Komeo peke yake halikwambii, jina la kiwanda linakaa kwenye shingo ya chuma inaposhika kitako, upande wa kulia: Enfield, BSA Co au LSA Co, na mwaka chini ya taji. Hiyo shingo hana, basi.

Halafu wapo wanaokuta neno Berlin wanapiga vigelegele. Mreno naye bunduki yake ya mwaka 1904, Mauser-Vergueiro, ilitengenezwa Berlin na kiwanda cha DWM, na Mreno alivuka Ruvuma 1916 akafika mpaka Newala akafukuzwa. Novemba 1917 Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, akavuka mto akampiga Mreno Negomano, upande wa Msumbiji, akabeba silaha zake, kwa hiyo Mjerumani mwenyewe akaishia kupiga na bunduki ya Mreno iliyotengenezwa Ujerumani! Ndo maana naangalia alama, ukiona taji na herufi C na I zimebebana, hiyo ni ya mfalme Carlos wa Ureno.

Mengine nayapitia haraka. Taji si lazima Uingereza, viwanda vya Ujerumani vya Spandau na Amberg navyo viligonga taji juu ya jina lao, na ukiona ELG kwenye duara la yai huo ni muhuri wa ukaguzi wa Liège, Ubelgiji, sio jina la fundi. Namba ndefu ni ya bunduki yenyewe, haitaji kiwanda wala mwaka. Gobore lenye neno Tower, yaani Mnara wa London, usiape kwamba limetoka London, lilinakiliwa sana. Na zebaki nyekundu mnayoitafuta ndani ya bunduki hamna, haipo popote, acheni kupasua vitu vya watu.

Ila kinachoniuma zaidi ni msasa. Mtu anasugua mpaka chuma king'ae ndo analeta, herufi zimekwenda na kutu. Mswaki wa zamani na mafuta ya taa vinatosha, halafu zima taa, mulika na tochi ya simu kwa ubavu, herufi zitajitokeza zenyewe na kivuli chake.

Kijana akauliza tena, sasa bei? Nikamwambia nenda polisi kwanza, kipande cha silaha hakikai chini ya kitanda. Akasema sawa, akaingiza mkono mfukoni akatoa risasi tatu nzima, akataka kuzigonga na jiwe aone kama bado zina baruti. Nilimshika mkono, bodaboda alishakimbia barabarani.