Presha haingoji kichwa kikuume

Barazani Lamu imezoeleka kusemwa kwamba mwenye presha hujijua: kichwa humgonga, moyo humwenda mbio, kizunguzungu kikamshika. Asiyehisi haya hujiona mzima, na aliyeandikiwa dawa huziacha siku anapojisikia vizuri.

Imani hii inaeleweka, maana maradhi mengi huja na maumivu. Lakini presha kwa kawaida haina dalili. Duniani, karibu nusu ya watu wazima walio nayo hawajijui, na wengine huigundua baada ya kupata kiharusi au figo kuharibika. Hili hunisikitisha sana, kwa sababu kuipima ni dakika chache tu.

Nenda zahanati hata kama hujambo. Usinywe kahawa nusu saa kabla, keti utulie dakika 5, mkono uwe usawa wa moyo, kisha andika namba zote mbili. Ya juu ikifika 140 au ya chini 90, katika siku tofauti, muone daktari. Namba zikishuka ukiwa kwenye dawa, ni dawa zinazofanya kazi. Usiziache bila kumuuliza. Na chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye papa mkavu na achari.