Kiranja, debeti na ualimu: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Matokeo ya kidato cha nne na cha sita yakishatoka tu vijana wanaanza kuulizia vyuo vya ualimu, na hapo ndo nasikia maneno yaleyale kuhusu mambo waliyofanya shuleni nje ya darasa, mara uongozi ni kupoteza muda, mara fulani alikuwa kaka mkuu kwa hiyo atakuwa ticha mzuri. Mengi si kweli, na mengine yana ukweli nusu ambao ndo mbaya zaidi, maana kijana wa kidato cha pili anayaamini na anachagua vibaya mapema kabisa. Nayaandika kwa hali ya shule zetu Tanzania ndo ninazozijua.

Dhana: anayetaka ualimu apige msuli tu, klabu na michezo vinamchelewesha

Tukubaliane kwanza, ufaulu ni lazima. Chuo hakikupokei kwa sababu ulikuwa mwenyekiti wa klabu ya mazingira, wanaangalia cheti, na kwenye ajira ni hivyohivyo, siku hizi hata walimu wanaitwa kwenye usaili na huko hakuna maksi za ukaka mkuu. Lakini hebu angalia kazi yenyewe ilivyo. Mwalimu mpya akiripoti kituoni hapewi vipindi tu, hata hajazoea vizuri ameshapangiwa zamu, amepewa darasa la kulea, amekabidhiwa michezo au skauti au shamba la shule kwa vile wakongwe wamechoka, na mara nyingi hakuna mtu wa kumkalisha chini amwelekeze. Zamu ni kengele kwa wakati, mahudhurio, mstarini asubuhi, waliopigana, aliyeumwa ghafla, halafu mwisho uandike yote kwenye kitabu cha zamu. Chuoni utafundishwa azimio la kazi, andalio la somo, kutengeneza zana, utaenda BTP, yani mazoezi ya kufundisha shuleni, wiki chache, na hayo yote ni ya muhimu, ila namna ya kusimama mbele ya watu mia tatu wenye njaa ukawapanga foleni bila mtu kukanyagwa, hiyo aliyekuwa kiranja wa chakula kwenye shule ya bweni ameshaifanya kila siku mwaka mzima.

Dhana: kiranja mkali ndo mwalimu bora wa kesho

Hii ndo inaniumiza kuliko zote kwa sababu hata walimu wenyewe wanaiamini. Mtoto akinyamazisha darasa kwa kupita tu mlangoni basi wanasema huyu ana wito.

Ukiangalia mfumo wa viranja ulikotoka utaelewa. Umekuja na Waingereza. Shule ya Tabora ilifunguliwa miaka ya 1920 ikilenga hasa watoto wa machifu, ikaendeshwa kwa kuiga shule za bweni za wakubwa wa Uingereza, na viranja walikuwa sehemu ya huo mpango, yani kijana anazoezwa kutawala wenzake ili akirudi kwao atawale watu wake. Kufundisha ni kitu kingine kabisa. Nyerere alisoma palepale kuanzia 1937 hadi 1942, na alipotoa sera ya Elimu ya Kujitegemea Machi 1967 alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba lao na kazi zao za shule, siyo wapangiwe tu kila kitu na kusimamiwa. Sasa nenda shule nyingi leo uone nani anaamua shambani, kiranja ameshika fimbo na wenzake wanalima.

Na hiyo fimbo haipo kisheria. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinampa ruhusa mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na iandikwe kwenye kitabu. Kiranja hayumo kabisa. Kwa hiyo ukimpa kiranja fimbo umevunja kanuni, na pia umeshaanza kumharibu mwalimu mtarajiwa, kwa sababu anajifunza kwamba watu wakikaa kimya maana yake mambo yameenda sawa. Miaka sita baadaye yuko mbele ya kidato cha kwanza, watoto themanini, anaandika ubao mzima halafu anageuka anauliza mmeelewa, wanajibu ndiyooo kwa pamoja kwa uoga, anafuta ubao. Mtihani ukija anashangaa wamefeli na anawaita vilaza.

Mlinganishe na mwenyekiti wa klabu. Huyu hana fimbo, wanachama wanakuja kwa hiari na Ijumaa wakichoka hawaji, sasa lazima afikirie leo nitafanya nini wabaki, nani nimpe kazi gani, yule asiyeongea nimwingize vipi. Huko ndo kufundisha kwenyewe. Roots & Shoots, mtandao wa klabu za mazingira za vijana, ilianza Dar es Salaam 1991, wanafunzi wa sekondari walienda kwa Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, na shida walizoziona kwenye mazingira yao, naye badala ya kuwapa majibu akawarudishia swali, nyie wenyewe mtafanya nini. Aliyepitia klabu ya namna hiyo akiwa mwalimu huwa anajua kuuliza swali na kusubiri.

Sisemi viranja wafutwe. Pale ambapo viranja wanapigiwa kura, baraza la wanafunzi linakaa kweli na kiranja anasimama kujibu kwa nini maji bwenini hayatoki na yeye amefuatilia wapi, hapo anapikwa vizuri sana, kwa sababu anazoea kuwajibika kwa wale anaowaongoza.

Dhana: mwalimu anazaliwa, mkimya hawezi

Wanaosema hivi hawajawahi kukaa kwenye pindi la usiku, yani wanafunzi wanapofundishana wenyewe. Waliosoma advance (kidato cha tano na sita) bweni wanajua, baada ya prep, ule muda wa kujisomea, kuna jamaa mmoja mpole hata mstarini humsikii, lakini topiki ya kemia au hesabu ikiwashinda watu anaitwa yeye, anachukua chaki, anaanza kwa sauti ya chini, mtu anamwambia hapo hujaeleweka rudia, anarudia kwa njia nyingine, bado, anatafuta mfano, mpaka watu wanasema aaah kumbe. Kutafuta njia ya tatu baada ya mbili kugoma ndo roho ya kazi hii na wala haihitaji sauti ya mtangazaji. Kwanza wenzako hawakuogopi, hawatasema ndiyo kama hawajaelewa, kwa hiyo pindi ni mtihani mkali kuliko hata wa mkaguzi.

Debeti nayo inasaidia ila kwa namna ambayo wengi hawaioni. Wanadhani faida yake ni kujua kuongea Kiingereza mbele za watu. Faida kubwa ni ile unapangwa upande usioupenda, mfano unatakiwa kutetea shule za bweni na wewe unazichukia, unalazimika kukaa na kufikiri kama mtu mwingine anavyofikiri. Mwalimu asiyeweza kuona mtoto alipokosea kwa kutumia akili ya mtoto mwenyewe ataishia kuweka kosa tu kwa kalamu nyekundu.

Dhana: uongozi wa wanafunzi ni njia ya siasa, hauhusiani na darasa

Mfano wanaoutoa ni Nyerere, na hapo ndo wanapokosea. Makerere alisomea ualimu, na akiwa hukohuko mwaka 1943 akashiriki kuanzisha chama cha wanafunzi wa Tanganyika, yote mawili kwa wakati mmoja. Alipotoka akafundisha St. Mary's Tabora, akaenda Edinburgh, akarudi akafundisha Pugu, na aliacha kazi 1955 kwa sababu alitakiwa achague kati ya shule na TANU. Mwenyewe alikuwa anasema ualimu aliuchagua ila siasa ilimkuta tu, na mpaka leo tunamwita Mwalimu.

Michezo sitaikalia sana. Kuna mashindano ya UMITASHUMTA msingi, UMISSETA sekondari, hata vyuo vya ualimu vina UMISAVUTA yao, na bado mtu anakwambia michezo ni ya walioshindwa kusoma. Nahodha wa timu anajifunza kumwambia mwenzake ukweli bila kumvunja moyo, na mechi ya wiki ijayo bado anamhitaji. Mwalimu anayesahihisha madaftari anahitaji hichohicho.

Dhana: dada mkuu ni wa usafi na nidhamu ya wasichana tu

Kwenye shule za mchanganyiko bado iko hivi, kaka mkuu anaongea mstarini, dada mkuu anakagua sketi, na kwenye klabu msichana anapewa ukatibu. Sasa yule binti anayetaka kuwa mwalimu anamaliza miaka minne hajawahi kuendesha kikao hata kimoja, anafika BTP anatetemeka, watu wanasema hana kipaji. Walimu walezi wa klabu tafadhali zungusheni nafasi. Kila mtu aongoze kikao na kila mtu aandike muhtasari, wavulana pia, maana kuandika kilichosemwa bila kuongeza chako nako ni kazi ya mwalimu.

Dhana: shule yetu ya kata haina klabu wala bweni kwa hiyo sina pa kuanzia

Naelewa, watu wanatembea kilomita nyingi, kipindi cha mwisho kikiisha kila mtu anawahi nyumbani. Lakini angalia ulipo tayari. Vyama vya dini vya wanafunzi kama UKWATA (Wakristo), TYCS (Wakatoliki) na TAMSYA (Waislamu) vina matawi shule nyingi na vinaendeshwa na wanafunzi. Kanisani kuna Sunday school inayolilia walimu kila wiki. Madrasa nyingi wanafunzi wakubwa ndo wanaowasikiliza wadogo, mmoja mmoja, aya kwa aya, na ukishawasikiliza watoto kumi kwa mfululizo utaanza kutofautisha aliyekariri na anayesoma kweli. Hata wadogo zako pale nyumbani na hesabu zao za darasa la nne. Omba upewe kikundi kidogo kilekile muhula mzima badala ya kushika watu wengi siku mojamoja, ili umwone mtoto alivyoanza Januari na alivyo Juni.