“Rimu 17 ni Rimu 17”: Yanayosemwa Tanga Kuhusu Matairi ya Magari Yenye Mbio

Ingia duka lolote la matairi Ngamiani, swali la kwanza ni “Rimu ngapi?” Ukijibu kumi na saba, kijana anazama ndani, anatoka na matairi mawili matatu, anayabwaga chini na mnaanza kuvutana bei. Kwa Probox ya kupeleka mizigo Muheza utaratibu huo haudhuru sana, maana saizi zake zinajulikana na mwenye duka anazo kichwani. Kwa Subaru Impreza WRX STI, BMW M3 au Lancer Evolution, maneno ya kijiweni yanaanza kugharimu pesa.

“Tairi lolote la 17 linaingia”

Kuingia, linaingia. Ila hiyo 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, basi. STI zilizouzwa Marekani 2004 hadi 2007 saizi yake ni 225/45R17. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili wengi hudhani ni kimo cha ubavu kwa milimita, nayo siyo: ni asilimia ya ule upana. Kwa hiyo ukiongeza upana bila kugusa namba ya pili, tairi linapanda juu pia.

Hesabu yake ni ya darasa la saba. Asilimia 45 ya 225 ni milimita 101 na kidogo, huo ndio ubavu mmoja. Kuna ubavu wa juu na wa chini, kwa hiyo zidisha kwa mbili. Ongeza rimu, inchi 17 mara 25.4, yaani milimita 431.8. Jumla ni karibu milimita 634. Sasa chukua 225/50R17, upana uleule, rimu ileile: inatoka 657. Ni asilimia 3.5 zaidi, na mafundi wengi makini hawapendi kuvuka asilimia 3. Gari linanyanyuka zaidi ya sentimita moja, gia zinakuwa nzito, na ukikata usukani hadi mwisho tairi linaweza kukwangua madigadi.

Halafu kuna spidomita. Yenyewe inahesabu mizunguko, haijui kama umebadilisha tairi. Ikisoma 80, wewe unakwenda karibu 83. Kwa kawaida watengenezaji huziweka zisome juu kidogo ya mwendo halisi, kwa hiyo huenda tofauti hiyo ikamezwa humo. Lakini ukiongeza na tairi lingine refu zaidi ya hilo, ile “afande, mimi nilikuwa hamsini” baada ya kupigwa tochi njia ya Segera haitakufikisha popote.

Na usiseme “nimekuta saizi hii kwenye gari, basi ndiyo yake”. Magari yetu mengi ni mtumba wa Japani, na aliyekuwa nalo kabla yako naye alikuwa na mapenzi yake. Fungua mlango wa dereva, tazama nguzo ya mlango kwa chini: kuna kibandiko. Maandishi ni ya Kijapani lakini tarakimu ni zilezile. Utaona saizi, na pembeni yake upepo kwa kPa, tuseme 230. Gawanya kwa 6.9 upate PSI, namba inayosomeka kwenye geji ya fundi: 33. Kipige picha kibaki kwenye simu, kwa sababu chumvi ya hewa ya Raskazone na vitambaa vya waosha magari haviachi kibandiko kikae.

“Tairi pana ndilo linaloshika”

Hii ina ukweli nusu, ndiyo maana haifi. Eneo la mpira linalogusa lami linategemea zaidi uzito wa gari na upepo uliomo. Ukipanua tairi kwa upepo uleule, eneo hilo halikui sana, ila linabadilika umbo: linakuwa fupi na pana. Umbo hilo linasaidia kwenye kona kavu, na ukipanda Mombo hadi Lushoto utalisikia. Masika yakianza hali inageuka. Tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma pembeni, na likishindwa linapanda juu ya maji. Usukani unakuwa mwepesi ghafla na gari linajiendea. Kashata, yaani ile michongo ya mpira inayokanyaga lami, zikiwa zimekwisha, linaelea mapema zaidi.

Tena upana una mipaka ya rimu. 225/45R17 inakaa kwenye rimu ya upana wa inchi 7 hadi 8.5. 245/45R17 inataka isiyopungua 7.5. Ukilibana kwenye rimu nyembamba, mbavu zinajikunja ndani na gari linachelewa kuitika usukani, yaani umelipia upana ukapata ulegevu. Na kumbuka nusu ya nyongeza inaingia ndani, upande wa shokapu, mahali ambapo macho hayafiki mpaka mpira uanze kulika.

“Limeharibika moja, nanunua moja”

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo injini nzuri za Subaru zinapoponzwa na difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu.

Tairi jipya la kawaida lina kashata ya milimita 8 hivi. Matatu yaliyobaki kwenye gari, tuseme, yana 3. Tofauti ni milimita 5 kwenye nusu kipenyo. Kwenye mzingo inakuwa milimita 31. Unaweza kusema ni upana wa vidole viwili, nini hicho? Basi hesabu mizunguko. Tairi jipya la 225/45R17 linazunguka mara 502 hivi kwa kilomita. Lililolika linazunguka mara 510. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam, kilomita 350 hivi, gurudumu moja limeachwa nyuma na mwenzake wa upande wa pili kwa mizunguko karibu 2,800, na barabara nyingi imenyooka.

Difu iliwekwa ili gari likate kona, ambapo tofauti ya mizunguko huja na kuondoka. Wewe umeifanya ikate kona Kange mpaka Chalinze bila kupumzika. Kwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, sehemu ya tofauti hiyo inafika hadi difu ya kati. WRX ya gia za mkono ina chombo chenye mafuta mazito ya silikoni pale katikati. Kinapata moto, na kikipata moto mara nyingi kinakufa. Dalili yake utaisikia ukikata kona kali polepole, kwenye maegesho kwa mfano: gari linakataa, linarukaruka kama limefungwa breki.

“Basi ninunue mawili, niyaweke mbele.” Kwa difu ya kati hiyo ni mbaya zaidi, maana sasa ekseli nzima inapishana na nyenzake. Subaru wenyewe wanataka matairi yote manne yawe ya saizi moja, aina moja na yaliyolika sawa. Mfuko ukikataa manne, tafuta moja la mtumba la aina hiyohiyo, lenye kashata zinazolingana na hayo matatu kwa kipimo. Jicho halitoshi hapo. Marekani kuna mafundi wanaokwangua tairi jipya mpaka lilingane na wenzake. Huku sijaona anayefanya.

M3 ya umbo la E46 ina 225/45R18 mbele na 255/40R18 nyuma, na wapo wanaotaka kuyafanya manne yalingane upana ili wayazungushe, ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele. Piga hesabu: 660 mbele, 661 nyuma. Kiwanda kimetofautisha upana, kipenyo kikakiacha karibu sawasawa, na kwa makusudi.

“Hizo herufi ni za Ulaya, sisi hatukimbii”

Baada ya saizi kuna kitu kama 91W. 91 maana yake tairi moja linabeba kilo 615. W ni mwendo wa hadi kilomita 270 kwa saa. V ni 240, H ni 210, T ni 190. Ni kweli hakuna wa kukimbia 270 kati ya Pongwe na Hale. Lakini herufi hiyo inaeleza pia jinsi tairi lilivyosukwa na linavyostahimili joto, na gari lililotengenezewa W huwa zito kwenye breki na kali kwenye kona hata likiwa kwenye 100.

Tatizo kubwa kwetu ni herufi Q, kilomita 160. Mara nyingi utaikuta kwenye tairi la theluji la Japani, lililokuja na gari au kwenye kontena la mtumba. Kwa macho linavutia: kashata nene, zimechanjwa vichanjo vidogovidogo kila mahali, na bei nafuu. Ubavuni limeandikwa STUDLESS, au lina mchoro wa mlima wa vilele vitatu wenye kipande cha theluji ndani. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi ya karibu na sifuri. Kwenye lami ya Tanga mchana wa Februari unalika haraka, gari linayumba, na ukikanyaga breki linachelewa kusimama. Ukilifunga kwenye STI umelipotezea gari sifa yake yote.

Ukiona XL, hilo limesukwa kubeba zaidi, 94 badala ya 91, lakini uzito huo unapimwa kwenye upepo wa PSI 42. Tairi la kawaida hupimwa kwenye 36. Ukilijaza upepo uleule wa zamani, usitegemee libebe zaidi.

“Kuna joto, punguza upepo lisipasuke”

Kinyume chake. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja zaidi kila mzunguko, na kujikunja huko ndiko kunakozaa joto linalolipasua. Upepo kupanda kwa PSI 4 au 5 safarini ni kawaida, kiwanda kinajua. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, na ukikuta umepanda njiani usiutoe.

“Rimu kubwa, mbio zaidi”

225/35R19 ina kipenyo cha 640, kwa hesabu haina ubaya. Ila ubavu umeshuka kutoka milimita 101 hadi 79, na rimu kubwa kwa kawaida ni nzito zaidi. Shimo moja la ghafla, rimu imepinda au tairi limetoa nundu. Nundu ni nyuzi za ndani zilizokatika, hakuna kiraka chake, hata fundi akiapa.

Wengine hukimbilia upande wa pili, rimu 16 ili wapate ubavu mnene. 205/55R16 ni 632, karibu sawa kabisa, na WRX zilizouzwa Marekani 2002 hadi 2005 zilivaa hiyohiyo. Lakini STI yenye breki za Brembo haikubali: rimu ya 16 inagonga kalipa, kile chombo kinachobana diski ya breki. Jaribisha rimu tupu kwanza kabla hujalipia tairi.

“Hili jipya, lina karatasi bado”

Karatasi haioneshi umri. Tafuta neno DOT ubavuni, usome tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa miaka sita dukani, tena kwenye joto la bati, mpira wake umekwishaanza kukauka hata kama halijawahi kugusa lami. Na tarakimu hizo mara nyingi huandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo usipoziona mwambie kijana aligeuze kabla hajaanza kulifunga.