Kirusi cha msitu wa Semliki na chanjo inayojinakili

Kwenye mkutano mmoja wa elimu kwa umma, mzee aliyekaa safu ya mbele alisimama akaniuliza: "Mwanangu, mnasema hiyo chanjo mpya ikishaingia mwilini inajizidisha yenyewe. Sasa itakomea wapi?" Nilimjibu pale pale kwa ufupi, maana muda ulikuwa umekwisha. Swali lake lilikuwa zito kuliko jibu langu, na nimeona nilirudie hapa.

Mzee aliuliza kuhusu chanjo zinazojinakili za RNA, yaani uzi wa herufi za kikemikali unaobeba maagizo ya kutengeneza protini. Ujuzi wa kuzitengeneza umetoka kwa virusi, na baadhi yake tunavijua vizuri huku kwetu. Mwaka 1942 watafiti wa taasisi ya homa ya manjano ya Entebbe walikamata mbu katika msitu wa Semliki, magharibi mwa Uganda, wakakuta ndani yao kirusi kisichojulikana. Miaka kumi baadaye ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo ukazuka katika nyanda za Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Jina lake, chikungunya, limetoka katika Kimakonde, kwa jinsi unavyomkunja mgonjwa. Kirusi cha chikungunya na kile cha Semliki ni ndugu wa ukoo mmoja, alfavirusi.

Kirusi cha ukoo huu ni uzi mmoja tu wa RNA, wenye herufi kama 11,500 hivi, uliofungwa ndani ya ganda la protini na mafuta. Nje ya seli hakiwezi lolote. Kikiingia ndani kinavua ganda, na seli inausoma uzi ule kama inavyosoma maagizo yake yenyewe. Theluthi mbili za mwanzo za uzi zinatoa protini nne, na hizo zikiungana ndizo mashine ya kunakili. Mashine hiyo hutengeneza kwanza uzi wa kinyume, kama vile muhuri wa ofisini unavyochongwa kinyume cha maandishi yake. Muhuri ukishapatikana, nakala zinagongwa kwa wingi.

Kinachonishangaza hadi leo ni mahali kazi hiyo inapofanyika. Kirusi hutengeneza vifuko vidogo mno kwenye utando wa seli, vyenye shingo nyembamba kama vibuyu, na kunakili humo. Kina sababu ya kujificha. Nyuzi mbili ndefu za RNA zilizoshikamana, uzi na muhuri wake, si jambo la kawaida katika seli yenye afya. Seli ikizigundua hupiga kengele ya hatari na kupunguza utengenezaji wa protini.

Theluthi ya mwisho ya uzi ina maagizo ya ganda. Mwaka 1991, nchini Sweden, watafiti Peter Liljeström na Henrik Garoff walichukua RNA ya kirusi cha Semliki, wakaondoa maagizo ya ganda na kupachika jeni nyingine mahali pake. Mashine iliendelea kunakili, ila sasa seli ikawa inatoa kwa wingi protini ya ile jeni iliyopachikwa. Weka hapo jeni ya kipande cha kirusi unachotaka mwili ukitambue, na umepata msingi wa chanjo.

Basi mzee wangu, inakomea ndani ya seli ile ile iliyoingia. Haina ganda la kuisafirisha kwenda seli ya jirani. Mashine yake inanakili RNA kutoka kwenye RNA na haigusi vinasaba vyako vilivyo ndani ya kiini. Seli iliyoibeba huchakaa au huondolewa na kinga, na RNA yenyewe humeng'enywa. RNA ni dhaifu sana. Sisi maabara tunavaa glavu na kufuta meza kabla ya kuigusa, kwa sababu vimeng'enya vilivyo kwenye ncha ya kidole vinatosha kuiharibu. Ukiipima kwa kuipitisha kwenye jeli ya maabara ikiwa nzima, unaona mistari safi. Ikiwa imekatika unaona ukungu tu. Ndiyo maana chanjo hizi hufungwa ndani ya vitone vya mafuta na kutunzwa kwenye baridi.

Ile kengele ya seli bado inatusumbua. Watafiti Katalin Karikó na Drew Weissman walionyesha mwaka 2005 kwamba kubadili kidogo herufi za RNA huituliza, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2023. Lakini katika chanjo inayojinakili, nakala mpya zinaundwa kwa herufi za kawaida za seli, kwa hiyo mabadiliko yale hayarithiwi. Homa na uchovu baada ya sindano hutokana kwa sehemu na kengele hiyo.

Faida ya chanjo inayojinakili ni udogo wa dozi. Dozi ya chanjo ya UVIKO-19 ya Pfizer kwa mtu mzima ilikuwa mikrogramu 30 za RNA. Ile inayojinakili iliyoidhinishwa Japani Novemba 2023 ina 5. Mtungi mmoja wa kiwandani unatoa dozi nyingi zaidi, na sisi tuliokaa mwisho wa foleni mwaka 2021 tunajua uzito wa jambo hilo.

Chanjo ya aina hii imejaribiwa Entebbe pia, kwa watu 42 waliojitolea. Mashine yake ilitoka kwa alfavirusi wa farasi wa Amerika Kusini, ndugu wa kile cha Semliki. Watafiti walifanya kazi hiyo kwenye viunga vya taasisi ile ile iliyowapokea mbu wa mwaka 1942, ambayo leo ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda.