Moshi wa kijiji cha ziwani una saa zake

Ukilala kwenye vile vijiji vya mwambao kaskazini ya Kigoma mjini, vilivyobanwa kati ya milima na ziwa, amka saa moja asubuhi mwezi wa saba utoke nje uangalie moshi wa majikoni. Unapanda vizuri tu mpaka usawa wa kilele cha mchikichi, halafu unasimama. Unatandaa kama mkeka, wa jiko hili unaungana na wa jirani mpaka bonde zima linapata dari ya kijivu. Mimi kazi yangu ni kupima hewa, na hiyo dari ndo kitu cha kwanza naangalia kabla hata sijawasha kipimo.

Iko hivi. Kiangazi usiku hakuna mawingu kwahiyo ardhi inapoteza joto haraka, hewa inayoigusa inapoa, na hewa baridi ni nzito, inateremka mlimani taratibu kwa kufuata makorongo kama maji mpaka bondeni, juu yake inabaki hewa ya uvuguvugu. Moshi ukifika hapo unakosa nguvu ya kupita, yaani ni sufuria limefunikwa.

Sasa ongeza ziwa. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, upepo unatoka ziwani kuja kwetu na kusukuma moshi milimani. Usiku unageuka, unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Katikati ya zamu hizo mbili, asubuhi na jioni, upepo unatulia kabisa, na hizo ndo saa ambazo kijiji kizima kinawasha moto! Uji wa asubuhi, ugali wa jioni. Kuni zile zile ukiwasha saa sita mchana moshi unaondoka, ukiwasha saa moja jioni mnalala nao.

Mwezi wa sita mpaka wa tisa kuna na moto wa misituni, miombo inaungua huku kwetu na ng'ambo pia, na kuna siku unasimama ufukweni milima ya Kongo huioni kabisa. Watu wanasema ni ukungu. Sehemu kubwa ni moshi na vumbi.

Mvua zikianza kama mwezi wa kumi au wa kumi na moja, hewa inaoshwa, milima ya Kongo inarudi, na hapa ndo watu wengi wanakosea wakidhani shida imeisha. Nje ndiyo. Ila moto uliokuwa uani umeingia ndani, kuni zimelowa, na kuni mbichi joto lake linaishia kukausha maji kwanza kwahiyo haziwaki vizuri, zinafuka tu. Nilikaa na mama mmoja jikoni kwake mvua inanyesha, mlango umefungwa maji yasiingie, maharage yako kwenye mafiga tangu mchana, mtoto mgongoni. Ukuta juu mweusi unang'aa kama umepakwa lami. Kila akipuliza moto anafumba macho, mtoto anakohoa, naye anambembeleza bila kugeuka. Kipimo changu kilisoma juu kuliko nilivyowahi kupata nje kijiji hicho hicho kiangazi.

Ninachopima ni chembe za upana usiozidi maikromita 2.5, wakati unywele wa mtu ni kama 70. Hizo puani hazizuiliki, zinafika ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo, na niseme wazi, jiko la kuni lililofungwa halikaribii hapo hata kidogo.

Kwahiyo mtu akiniuliza nianzie wapi, kabla ya kuongelea gesi ambayo wengi bado hawaimudu, namwambia akusanye kuni mwezi wa nane na azifunike, aache uwazi kati ya ukuta na bati, na vyakula vinavyochukua muda mrefu avipike upepo wa ziwani ukiwa umeshaanza, tuseme kuanzia saa nne asubuhi. Kuchoma migebuka, samaki wa ziwa letu, pia, hakuna sababu ya kuanza jioni. Yule mama aliniambia, "Mwanangu, saa nne mimi niko shamba." Ni kweli, sikuwa na jibu siku ile. Niliporudi nikakuta analoweka maharage usiku, anayabandika mchana akishatoka shamba, uani chini ya kibanda cha bati kisicho na kuta, jioni anapasha tu na kusonga ugali.